Maziwa Ambayo Kaka Hakuyanywa

Pumwani, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje, na mvua imefika huko Kendu Bay? Mimi mwili ni mzima, na kazi ya kupiga deki wodini ni ile ile. Moyo ndio mgonjwa.

Barua ya dada Zuhura imenifikia. Anasema umevunja vibuyu vyote na hugandishi tena maziwa, kwa sababu majirani wanasema maziwa yako ndiyo yaliyomuua kaka Hamisi. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama na ndoo mkononi.

Mama, Hamisi hakuyanywa.

Alipokuja hapa kupasuliwa utumbo, alipanda treni Kisumu na kibuyu chako, amekipakata kama mtoto. Sista akakataa. Akasema mgonjwa hupewa kwanza dawa ya kuua vijidudu vyote tumboni, ndipo akatwe. Nikayamwaga kwenye sinki kwa mkono wangu. Halafu nikakuandikia kwamba ameyamaliza na anakushukuru, maana ningeanzaje kumwambia mama yangu kwamba maziwa yake yamemwagwa?

Kidonda kilianza kufunga vizuri. Kisha tumbo likaanza kumwendesha, lisikome. Kila nikipita na deki ananiambia, "Swaleh, nipe ile mala ya mama. Hata kijiko." Nami namjibu, "Ngoja upone kwanza, usinitie matatani na sista." Siku ya tano akaacha kuomba. Ya sita tukamzika.

Baadaye nilimuuliza daktari mzee. Akavua miwani, akasema, "Tumboni kuna vijidudu vya kutudhuru na vingine vya kutulinda. Huenda dawa yetu iliua vyote. Bado hatujui vizuri." Sisemi maziwa yangemponya, mama. Nasema hayakumuua. Uongo wangu ndio uliowapa majirani la kusema.

Kitanda chake kina mtu mwingine sasa, lakini nikipiga deki hapo nasikia, "Hata kijiko." Nageuka, na yule mgonjwa hajafungua mdomo. Naogopa, mama. Kibuyu ninacho, sijakiosha, na bado kinanukia moshi wa jikoni kwako.

Nisalimie dada Zuhura, na umwombe asome barua hii kwa sauti majirani wakiwepo. Msalimie mjomba muuza samaki, na shemeji, mjane wetu. Mwambie simsahau.

Nitakuja sikukuu nikiwa na kibuyu. Ugandishe humo, mama. Ukinimiminia, nitakunywa mbele yao wote. Ukininyima, sitauliza kwa nini.

Mwanao wa kiume aliyebaki,
Swaleh