Nimeuona Mwanzo Mara Tatu

Timau, Jumamosi, Agosti 1998

Baridi ya leo ina ubaya wake. Upepo unashuka mlimani, unavuka mashamba ya ngano na kuingia moja kwa moja chini ya mlango wetu. Nimevaa soksi mbili na sweta ya shule, nimejikunyata kitandani na daftari magotini. Mama yuko kazini kwenye shamba la maua, leo wanafunga maboksi, atarudi jioni. Chai nimekunywa peke yangu, na ile ya kikombe cha pili pia.

Nina wiki mbili hapa na sijaongea na mtu wa rika langu hata mmoja. Salamu sihesabu. Ninachotaka ni mtu mmoja tu wa kukaa naye na kupiga porojo, wala si lazima anipende sana.

Leo nimefanya jambo baya kuhusu hilo. Lakini siwezi kulieleza bila kuanza na filamu.

Pale sokoni kuna banda la mabati linaloonyesha video. Mwenye banda anaitwa Mutethia, jamaa mrefu mwenye maneno mengi, na ana desturi yake. Siku za soko anaacha mlango wazi filamu inapoanza, spika ameiweka nje, na yeyote anaruhusiwa kusimama mlangoni aangalie. Jina la filamu likitokea tu kwenye kioo, anasimamisha deki, anatoka na kupiga makofi.

"Haya, wa kuonja mmeonja!" anasema. "Mwenye kitu aingie. Wengine rudini mkauze waru!"

Watu wanacheka, wengine wanaingia, wengine wanarudi kwa viazi vyao. Mimi nimekuwa wa kuonja siku tatu za soko, na filamu ni ileile moja, kwa sababu Mutethia akipata kanda inayovuta watu haiachilii haraka.

Ni filamu ya vijana wa Amerika, ya kuchekesha. Inaanza na ngoma kabla ya picha. Kioo ni cheusi kabisa, na wewe tayari unatikisa mguu bila kujua unatikisia nini. Halafu msichana wa umri wangu anaamka, anaona saa, anaruka kutoka kitandani. Anakimbilia shule na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, mkate mdomoni. Kila anayempita njiani, picha inasimama kidogo, naye anageuka anatuangalia sisi na kutuambia huyo ni nani na ana maringo gani. Mutethia anatafsiri kwa Kimeru kwenye kipaza sauti, na kila mtu wa filamu anampachika jina la mtu wa hapa sokoni. Msichana anafika shuleni akihema. Geti limefungwa. Hakuna mtu. Shule ilifunga jana, na wote waliambiwa isipokuwa yeye. Hapo ndipo jina la filamu linaandikwa juu ya uwanja mtupu, na banda zima linavunjika mbavu.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mwanzo huo unatushika hivyo. Wazee wanaokuja kununua mbolea wanasimama. Akina mama wanaacha viazi bila mtu. Nadhani ni kwa sababu hauhitaji Kiingereza. Kuchelewa kila mtu anakujua, na kiatu kimoja ni kiatu kimoja hata huko Amerika. Tena unapewa siri za watu kabla hujawajua, kwa hivyo dakika chache tu na wewe ni mwenyeji wa pale. Aliyetengeneza kitu hicho alijua kazi yake, maana unafukuzwa mlangoni ukiwa bado unacheka na unataka kujua huyo msichana atafanya nini sasa.

Lakini mimi yule msichana alinishika kwa kutuangalia. Ana shule nzima, na bado ameona heri aongee na sisi tusiomjua. Mtu aliye na marafiki angetutakia nini?

Siku ya kwanza nilicheka na wengine. Siku ya pili nilishindwa.

Shule yangu iko mbali, upande wa Embu, karibu na Ishiara. Tulipofunga wiki mbili zilizopita nilipanda gari na sanduku langu la bati mpaka Muthara, kwa sababu nyumbani ni Muthara. Nilitembea njia niliyoizoea, nikiimba. Nikakuta kufuli ambayo si yetu na nguo za watoto nisiowajua kwenye kamba. Jirani akatoka akaniangalia, akashika kiuno.

"Kanana! Kwani hukuambiwa? Mama yako alihamia Timau, alipata kazi ya maua."

Mama alikuwa amenitumia neno, kweli. Hakuandika barua kwa sababu barua zetu mwalimu mkuu huzifungua, na mambo ya kuhama hakutaka yasomwe na mtu. Alimwambia mama mmoja anayenunua ndengu Ishiara apite shuleni anieleze. Huyo mama alipata ndengu nzuri, akajaza gunia, akanisahau. Simlaumu. Kwetu ujumbe umekuwa ukitumwa hivyo siku zote, na kwa kawaida unafika. Lakini nilisimama pale na sanduku kichwani, na wale watoto wakawa wananichungulia dirishani kwetu wakicheka. Kwa hivyo lile geti la filamu mimi nalijua.

Leo Mama aliamka akaniona nimenuna, akanipa ya kiingilio bila hata kuombwa. Mutethia alipotangaza wa kuonja waondoke, mimi nikaingia. Nilijisikia mtu mkubwa. Nikakaa mwisho wa benchi, nikaacha nafasi kando yangu, nikiomba Mungu mtu aikalie. Watu waliingia wawili wawili, watatu watatu, wakabanana kwenye benchi nyingine. Nafasi yangu ilibaki hivyo mpaka mwisho.

Na filamu yenyewe? Ilinikasirisha. Haikufika nusu, msichana akakatwa nywele, akavishwa, akapata marafiki watatu na kijana mwenye gari. Na alipowapata hakutuangalia tena. Ni kweli! Nilingoja ageuke hata mara moja tu, anikonyeze, aseme chochote. Alikuwa anaongea na wao. Watu walipiga makofi mwishoni, mimi nikawa nimekunja mikono kama mtu aliyeibiwa kuku.

Mutethia akasimama mbele akatuambia tumshukuru, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho, kanda inarudi Meru jioni hii hii. Jumanne ataleta ya vita.

Nilitoka nikiwa na hasira zangu. Nje, kando ya mlango, alikuwa amesimama msichana mwenye buti za mpira za njano na kitambaa cha kichwa, ameshika kifurushi cha sukuma wiki. Buti hizo ni za wafanyakazi wa maua. Alikuwa ameonja na kufukuzwa, na filamu yote ilipokuwa ikiendelea alikuwa amesimama palepale akisikiliza kelele kupitia mabati. Ilionekana midomo imempasuka kwa baridi. Akanisogelea mimi, katika watu wote wale waliokuwa wakitoka.

"Sasa, iliisha aje?" akaniuliza. "Yule msichana alipata hata mtu mmoja?"

Angalia vile alivyouliza. Hakuuliza habari za yule kijana wala gari lake.

Nami nikamjibu, "Lipa uone."

Sijui ilitoka wapi. Labda nilidhani aliniona nilivyokaa peke yangu na alikuwa ananicheka. Labda ni wiki mbili za kunyamaza, ulimi umeota kutu. Au, na hili linaniuma kuliko yote, nilifurahia kuwa nimeingia ndani na yeye amebaki nje. Ilinipendeza kwa muda wa kupumua mara moja.

"Sawa," akasema, akatabasamu kidogo, akahamisha sukuma wiki mkono wa pili na kwenda zake. Nilimwangalia mpaka akapita ile posho mill ya kusaga mahindi. Ningeweza kumwita, sauti ninayo. Sikumwita.

Alisema sawa kwa sababu hajui kwamba hakuna tena cha kulipia. Mimi nilijua. Nilikuwa nimetoka tu kusikia kanda inarudi Meru. Sasa Jumanne atakuja na hela yake kama ameipata, akute watu wanapigana bunduki kwenye kioo, na yule msichana wa kiatu kimoja hatamwona tena.

Wiki mbili nimelia kwamba hakuna anayeniuliza kitu. Nikaulizwa, na lilikuwa swali zuri.

Nimemfikiria tangu nirudi. Nimefikiria ningemwambia nini. Ningemwambia ndiyo, alipata mtu, alipata hata watatu, lakini kaa hapa kwanza nikueleze vile ilivyoniudhi. Pengine angebisha. Pengine angesema mimi nina wivu tu, na angekuwa na haki, tungecheka.

Jina lake silijui. Najua buti tu, na buti za njano huko kempu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa maua, ziko mia. Kesho ni Jumapili, hawaendi kazini. Baada ya kanisa nitapita huko mlango kwa mlango, ingawa nina aibu ya kufa. Wakiniuliza namtafuta wa nini, nitawaambia ukweli, kwamba aliniuliza vizuri nikamjibu vibaya.