Jina la Mtoto wa Tatu

Usa River,
8 Machi 1993

Mkwe wangu Fransiska,
Hamjambo huko? Sisi wazima, mvua ndiyo bado.
Baba mkwe wako ameudhika. Wajukuu wawili wa kiume tumewazika na jina lake, Kaanaeli, hata wiki tatu hawakumaliza. Huyu wa tatu, mzee anasikia mnamwita binti! Anasema mambo hayo yametoka kwenu Rombo. Jumamosi mlete mtoto afanyiwe ya kimila, na vidonge vya hospitali viachwe.
Mama mkwe wako,
Sia

Lemara,
11 Machi 1993

Mama, shikamoo.
Hatujambo, na mtoto sasa ananyonya anashiba. Naandika nikiwa na hasira, unisamehe, ila sifuti neno.
Simleti. Daktari alituita mimi na Stanley. Mtoto ni msichana, kizazi anacho. Tezi zilizo juu ya figo zake zina hitilafu: homoni ya kushika chumvi mwilini hazitoi, za kiume zinamwaga tele, ndiyo maana maumbile yake yalitudanganya. Chumvi ikimwishia anatapika mpaka anakufa. Akikosa vidonge siku chache tu, hayupo. Daktari anaamini wale wawili nao walikuwa wasichana. Nanyi mkaniita mkosi msibani, mbele za watu!
Tena hitilafu hiyo hairithiwi kwa mzazi mmoja. Nusu ni ya Rombo, sawa. Nusu ya pili Stanley aliitoa wapi? Mwulize Baba.
Mkweo,
Fransiska

Usa River,
9 Mei 1993

Fransiska mwanangu,
U mzima? Mjukuu wangu je? Miezi miwili nimekaa kimya, nisamehe.
Barua yako niliificha kwenye debe la maharage. Kabla ya Stanley nilizaa mmoja, baada yake mwingine. Wote walitapika. Maumbile yao niliyaona si ya kiume kamili, nikaambiwa ni wavulana, nikakubali. Wamelala mgombani, nyuma ya nyumba. Mama mkwe wangu alisema mkosi ni wa kwetu. Miaka thelathini nimeamini, halafu nikakutupia wewe neno lile lile. Nina hasira.
Juzi nilimsomea mzee barua yote, na habari ya nusu nikairudia: hata kwa wetu wale wawili, nusu ilitoka kwake. Alitoka akaenda mgombani, akakaa huko hadi jioni. Ya kumleta mtoto hajayataja tena.
Binti wa kwanza kwetu huitwa jina la bibi mzaa baba. Yule wa kwanza wako tulimnyima, tukamzika na jina la mzee. Mpe huyu.
Mama yako,
Sia