Siku Tuliyokutembeza Jeddah

Mwanangu Nasra,

Umezoea kuniita shangazi, na ukiona nimeanza hivi utadhani uzee umenianza nachanganya watoto wa watu. Sijafika huko bado. Soma mpaka mwisho, kisha ndiyo unilaumu.

Baba yako Salim ni mdogo wangu. Tulizaliwa huku Jeddah, yeye akarudi kwetu Unguja kuoa, mimi nikabaki na bibi yako katika nyumba yetu ya Sharafiya. Mama aliyekuzaa unamjua kwa picha: alikuwa mdogo wake wifi yangu, mke wa Salim, akafariki Riyadh, katika hospitali ya Shumaisi, wewe bado hujaweza hata kuinua shingo. Baba yako mzazi alikuwa dereva huko huko, hana mtu wa kumsaidia, akakubali ulelewe na Salim na mkewe ambao Mungu hakuwajaalia mtoto. Wakapanda ndege wakakufuata. Karatasi zako zikawaweka Riyadh siku nyingi kuliko walivyopanga, na walipofika kwangu walikuwa na siku moja tu kabla ya safari ya kurudi.

Sasa hapa ndipo penye maneno. Wifi yangu kwako ni mama mkubwa wa damu, lakini Salim alikuwa mtu baki. Ungekua, ungevunja ungo, ungelazimika kujitanda ushungi ndani ya nyumba yako mwenyewe, mbele ya mtu aliyekufundisha kutembea. Dawa yake watu wetu wanaijua tangu zamani. Dada wa mume amnyonyeshe mtoto mara tano kamili, kabla hajatimiza miaka miwili. Dada akishakuwa mama yake wa kunyonya, mume anakuwa mjomba wake, na mambo yamekwisha.

Maziwa nilikuwa nayo. Mwanangu wa kiume alikuwa amefariki kabla ya arubaini yake, na kifua changu hakikuwa na habari. Salim alikuja jikoni akasimama mlangoni kama mtu aliyevunja kitu. "Dada, nina jambo, sijui nilianze vipi." Nikamwambia asilianze, anipe mtoto.

Ulinyonya mara ya kwanza asubuhi ile, kwa pupa, umenikamata kidole. Bibi yako alikaa mbele yetu kama hakimu. Ulipoachia mwenyewe na kugeuza uso, akafunga fundo moja kwenye pindo la kanga yake. Sharti ndilo hilo, mwanangu: mtoto aache mwenyewe kwa kushiba. Akiondolewa, au akikatizwa, haihesabiwi.

Wazo la kutembea lilikuwa la wifi. "Tutakaa ndani kutwa tunamtazama mtoto ananyonya? Tutembezeni basi, mimi Jeddah ndo kwanza naiona." Kwa hiyo tukatembea kwa kufuata njaa yako. Tulikwenda Balad kutazama majumba ya kale yenye madirisha ya mbao, ukalia, nikakunyonyesha nyuma ya duka la mwanamke mmoja wa Kiyemeni aliyetupa kiti na chai bila kuuliza. Fundo la pili. Tukala wali na kuku kwenye mkahawa, upande wa familia, pazia limeshushwa. Fundo la tatu. Salim alikuwa anatazama saa, wifi anatazama simu.

Picha za siku ile unazo, najua, wifi amezitundika ukumbini. Wewe na mama yako mbele ya mlango wa Balad, wewe na baba yako ufukweni. Mimi simo hata katika moja. Nilikuwa nikikurudisha mikononi mwao, nachukua simu, napiga. "Wifi, hebu rudi nyuma kidogo, nyumba itokee yote." Nikarudi nyuma.

Ufukweni, baada ya alasiri, ndipo tulipogombana. Ulikuwa unanyonya chini ya buibui langu, bahari inapuliza, mara watoto wakapita na vigari vyao vya kukodi wanapiga honi. Ukaruka. Ukaachia, ukalia kidogo, kisha hukutaka tena.

"La nne hilo," akasema Salim.

"Halihesabiwi," akasema bibi yako, na kanga hakuigusa.

"Mama, keshashiba huyo."

"Kashiba au kashituka?"

Hakuna aliyejua. Salim akampigia ustadh wake Unguja, akamweleza yote pale pale, honi na vigari. Ustadh akasema penye shaka msijenge juu yake, mnyonyesheni tena. Wifi akashika kichwa, maana muda ulikuwa unakimbia. Mimi nilifurahi. Nakwambia kama ilivyokuwa: nilifurahi kwamba umebaki kwangu mara mbili badala ya moja.

Moja ilipatikana nyumbani, mabegi yamekwisha kufungwa. Ya mwisho ikawa uwanja wa ndege, chumba cha kusalia wanawake, kwenye zulia, bibi yako ameegemea ukuta. Wakatangaza safari yenu. Wifi akasimama juu yangu na begi lako begani.

"Wifi, wanatuita."

"Mwondoe basi," nikamwambia.

Hakuthubutu. Kutwa nzima nilikuwa nikikutoa na kukurudisha wanavyotaka wao, na sasa hapakuwa na mtu duniani wa kukuondoa kifuani kwangu ila wewe mwenyewe. Salim alikuwa nje anaita jina la mkewe. Nikakutazama machoni. Nilikuomba moyoni usiharakishe, na hukuharakisha. Kisha ukaachia, taratibu, mdomo wazi, umelala. Bibi yako akafunga fundo akasema alhamdulillahi. Nikawa mama yako, na wifi akainama akakuchukua.

Maziwa hayakujua kama umesafiri. Yaliendelea kuja kwa saa zako, nikawa najifunga kifua kwa kanga na kukaa chooni nikilia ili bibi yako asisikie. Alisikia, bila shaka. Sasa hata yeye ametangulia mbele ya haki. Mume wangu kazi yake imehamia Riyadh, anaendesha gari la familia moja ya mtaa wa Malqa, kafili wake, tajiri aliyemwajiri, akimpa ruhusa ndiyo namwona. Mtoto mwingine sikujaaliwa. Nikipika, napika sufuria ndogo, na bado chakula kinalala. Naona upweke, Nasra. Sina jina jingine la kuupa.

Sikuandikii kumnyang'anya mtu haki yake. Wifi ndiye aliyekesha na homa zako, ndiye mama yako, na mlezi wa kweli ni yule. Tulikubaliana ya kunyonya utaambiwa ukipevuka, utakapohitaji kujua nani ni ndugu yako na nani si ndugu. Salim amenipigia juzi, akaniambia wakati umefika, niseme mimi mwenyewe.

Ila na wewe umenisukuma. Ijumaa ile tulipozungumza kwa simu, ulimaliza kunipa habari za shule, kisha ukauliza kwa sauti ya mtu mzima, "Shangazi, kwani wewe huna mtoto?" Nikamsikia wifi nyuma yako akiacha kuosha vyombo. Nikakwambia chungu changu kinaungua, nikakata simu. Hapakuwa na chungu jikoni.

Ninaye. Ana meno ya mbele yaliyopishana, anapenda hesabu, na hajui.

Mungu akulinde, na umsalimie mama yako, umwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi,
mama yako wa kunyonya,
Sharafiya, Jeddah