Mashine ya Kunyolea Niliyoificha

Mume wangu, Baba Zuhura,

Eda yangu imekwisha, na safari yangu ya kwanza nje ya nyumba hii nimeifanya kwa ajili ya jambo ambalo ulipaswa kulisikia kwangu ukiwa hai. Nakuandikia kwa sababu huniachi ninyamaze. Kila baada ya sala ya alfajiri nasikia unagonga mashine yako ya kunyolea kwenye ukingo wa beseni, mara tatu, unakung'uta povu. Kisha nasikia droo zinafunguliwa. Binti yetu anasema ni paka. Sisi hatuna paka.

Unakumbuka tulivyoanza maisha Nangurukuru, una karakana yako ndogo ya kutengeneza pampu za maji? Ulikuwa huwezi kushika kitu bila kunieleza kinavyofanya kazi. Asubuhi moja ulinikalisha kwenye kigoda ukanionyesha mashine mbili: moja ya kununua dukani, nyingine ya marehemu baba yako, aliyoitumia tangu alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Ulizivika zote nyembe za pakiti moja.

"Watu husema wembe huu mkali, ule butu," ukaniambia. "Wembe ni ule ule. Ukali uko kwenye kichwa cha mashine."

Ya baba yako ilikuwa na meno kama ya kitana chini ya wembe. Makali yalijitokeza nje, na kati ya makali na meno palikuwa na upenyo mpana. Ngozi inaingia humo, wembe unaikuta. Ile ya dukani ilikuwa na ukingo ulionyooka, upenyo mwembamba, makali yamejificha kwa ndani. "Hii inakusamehe mkono ukiteleza," ulisema. "Ya baba haisamehi." Kisha ukajinyoa kwa ya baba, mpini umeushika kwa vidole viwili tu, uzito wake ndio unaofanya kazi. Ukanishikisha shavu. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilicheka mpaka mama yako akagonga mlango.

Miaka ikapita, ndevu zikaota mvi, halafu damu ikakuganda mguuni. Daktari alikupa dawa za kulainisha damu, akanigeukia mimi. "Mama, asijikate. Damu yake haitakata upesi." Wiki ya pili ukajikata kidevuni kwa ile ya baba yako. Taulo zima lililowa. Nilikupakia kwenye bajaji mpaka hospitali, nimekubana kidevu kwa kiganja, na wewe unacheka. Hadi leo nikinawa mikono naangalia rangi ya maji.

Nikaenda Lindi mjini kukununulia mashine nyingine. Nilichagua kama ulivyonifundisha, nikaziinua moja moja kwenye mwanga, nikachukua yenye upenyo mwembamba kuliko zote. Ulijinyoa nayo siku moja, ukajipapasa. "Hii inanibembeleza, Mama Zuhura. Hainyoi." Siku chache baadaye niliifungua kuiosha, nikakuta umetandika kipande cha wembe wa zamani chini ya ule mpya ili uinuke, makali yatokeze. Nilikitupa chooni. Ile ya baba yako nikaifunga kwenye kitambaa, nikaificha ndani ya sanduku langu la kanga.

Niliificha asubuhi ile ile mdogo wako Saidi alipoondoka kurudi Mtama, baada ya kukaa nasi siku mbili.

"Umeiona mashine ya baba?" ukaniuliza.

"Sijaiona."

Ukafungua droo zote, kisha ukasema, "Saidi. Siku zote alikuwa anaitamani." Nilikuwa na sufuria mkononi. Ningeweza kusema pale pale. Nikaendelea kusugua.

Ukampigia simu. "Umeiba urithi wa baba." Sauti yake niliisikia mpaka jikoni: "Wallahi, kaka, sijaigusa." Ukamjibu, "Usinitajie Mungu. Na kwangu usije tena."

Nikajiambia hasira zikipoa nitakueleza. Hazikupoa, na kila siku iliyopita iliniongezea woga. Damu ilipoganda tena ikapanda mapafuni, ulinishika mkono pale wodini ukasema, "Saidi asinizike." Nilikusikia. Hata pale sikusema.

Alikuja hata hivyo. Mimi nilikuwa ndani na wanawake. Nilisimuliwa tu kwamba alisimama mbali na kaburi, hakutia hata konzi moja ya udongo.

Juzi nilipanda basi mpaka Lindi, kisha gari la Mtama. Nilimkuta anapalilia mikorosho yake. Nilimwekea kile kitambaa mikononi.

"Shemeji, wewe hukuiba. Mimi ndiye niliyeificha."

Alikifungua. Akaigeuza mashine kiganjani.

"Siku ile ananitukana kwenye simu, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Yote?"

"Yote."

Ndevu zako nyeupe zilikuwa bado zimenasa kwenye meno ya mashine, zimekaukia humo pamoja na povu. Alizigusa kwa ncha ya kidole, akageuza uso. Kisha akamwita mkewe na wanawe. "Rudia mbele yao. Maneno ya kaka yalifika mpaka huku, wanaitwa watoto wa mwizi." Nikarudia, nimesimama juani. Mkewe aliingia ndani bila kuniaga.

Saidi alinisindikiza mpaka barabarani, mashine iko mfukoni mwake. Gari lilipokaribia akaniuliza, "Shemeji, kaka angepona, ungemwambia?"

Nilipanda bila kumjibu. Njia nzima nilitafuta jibu, nikitaka sana liwe ndiyo. Kwako sina tena sababu ya kudanganya: nadhani nisingekwambia. Ningekupikia, ningekunyoa mwenyewe kila Ijumaa, tungezeeka kwa raha, na mdogo wako angebaki mwizi mpaka mwisho.

Pumzika, mume wangu. Mimi usiharakishe kunisamehe. Anza na Saidi, ambaye hakuna alichokukosea.

Ni mimi mkeo,
Mama Zuhura