Mashine ya Mwezi na Geti Langu

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Kimberly amerudi kutoka chuo macho mekundu. Nimemwuliza nani amekufa. Hakuna, Shosho. Basi unalia nini na viazi havijapaliliwa?

Ni ile mashine. Kule chini karibu na Mai Mahiu wamejenga kituo, na ndani kuna mashine inazungusha mmea polepole, mchana na usiku, mpaka mmea unasahau uzito wake, unadhani uko mwezini. Mjukuu wangu anataka kujua kama kiazi kinaweza kuzaa kikiwa hakijui chini ni wapi. Nimemcheka mwaka mzima. Viazi vya mwezini! Nani atavinunua? Lakini kumcheka ni kazi yangu, si ya mtu mwingine.

Aliahidiwa zamu ya Novemba. Sasa mkubwa wa kituo, Daktari Mwaura, amempa mtoto wake mwenyewe, Jerry. Kimberly anaambiwa aandike imeli, atajulishwa. Ameandika mpaka vidole vimechoka. Na chuo kimesema: asipoingia kwa hiyo mashine kabla ya Desemba, utafiti wake umekufa. Aanze upya.

Mwaura. Sisahau majina mimi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeenda mwenyewe. Koti ya kanisa, na gunia ndogo ya viazi — mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Baridi ya Mau Narok niliiacha huku juu. Kule ni jua na vumbi ya malori.

Alitoka nje na kikombe cha chai. Kwangu hakuna chai, hakuna kiti. Nikamwambia mimi ni nyanya ya Kimberly, nimekuja tuongee zamu ya mtoto. Akaangalia gunia. Akawageukia wenzake: eti mathe anadhani hapa ni posho mill, pa kusaga mahindi! Wakacheka wote. Halafu kwangu, polepole, kama mtu anaongea na kiziwi: mathe, mambo ya hapa ni ya wasomi. Mtoto aandike imeli. Tutamjulisha.

Nilirudi na viazi vyangu. Heri nivipe nguruwe.

Nilifika darasa la nne, ni kweli. Lakini nimezika mume, nimesomesha watoto kwa jembe, na hakuna mwanaume amewahi kunicheka akalala vizuri. Atalipa. Sijui vipi. Atalipa.

Jumapili, 19 Oktoba

Mhubiri amehubiri kusamehe. Nimekohoa mpaka akapoteza mahali alikuwa anasoma.

Kimberly amesikia nilienda. Haongei na mimi. Eti sasa hata ule mlango mdogo uliobaki nimeufunga. Alikuwa na mlango gani? Wa imeli?

Jumatano, 29 Oktoba

Bwana asifiwe kweli kweli!

Abby, yule mjukuu wangu anayeolewa, amekuja tupange ruracio. Watu wa Waithaka, bwana arusi wake, wanakuja Jumamosi ya tarehe nane kuongea mahari. Nikamwuliza, msemaji wao ni nani? "Uncle yake mkubwa, Shosho. Yule daktari ako na kituo ya mwezi huko Mai Mahiu."

Nikaweka sufuria chini.

"Mwaura?"

"Ee, huyo. Unamjua?"

Nimecheka mpaka Abby akauliza kama nimekunywa dawa ya presha mara mbili.

Kwetu wageni wa ruracio hawaingii hivi hivi. Wanawake wetu wanafunga geti. Wageni wanaimba nje, wanabembeleza, mpaka mwanamke mkubwa wa boma aseme fungua. Na mwanamke mkubwa wa boma hii ni nani?

Nimenunua kufuli mpya. Kubwa.

Kimberly ameiona kufuli akaelewa. Huyo hana kichwa kizito. Amenifuata jikoni: Shosho tafadhali, hiyo ni siku ya Abby. Nikamwambia aende apalilie viazi.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika chumbani, haraka. Wako nje. Mvua imeanza.

Walikuja wamependeza, sitadanganya. Mbuzi kwenye pikapu, wamama na nguo za kufanana, Daktari mbele na suti ya kijivu na fimbo ya kuazima. Wetu wakaimba, wao wakajibu. Kwa kawaida unawanyima kidogo, mnacheka, unafungua. Wakaimba tena. Sikufungua. Namalwa, jirani yangu, akanifinya: mama, inatosha, wageni wanalowa. Nikamwambia aimbe.

Ikabidi msemaji aje mwenyewe. Hakunitambua! Nimevaa kilemba.

"Mama, tumetoka mbali. Tuliona ua katika boma hii, tumekuja kuuliza."

Nikamjibu polepole, kama anavyopenda: "Andika imeli. Tutakujulisha."

Wanawake wakaangua kicheko, wakidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Aliniangalia, akaniangalia tena, nikaona inamwingia.

"Mathe..."

"Mathe ni wa posho mill. Hapa ni kwa nyanya ya Kimberly."

Akainama kwenye chuma cha geti, sauti chini. Kama ni ile zamu, aje Jumatatu, nitamtoa Jerry.

Nikasema sisikii, masikio yangu hayakusoma. Sema wote wasikie. Na useme ulimnyima kwa nini.

Akageuka akatazama wazee wa kwao, na mchungaji wao chini ya mwavuli. Akarudi hatua moja nyuma.

Hapo Kimberly akanivuta kando. Leo hana machozi, ana hasira — na hiyo hasira naijua, ni yangu. Akasema: "Akinipa kwa sababu ya geti, watasema niliingia kama Jerry. Sitaki. Fungua, Shosho."

Mtoto mjinga! Nampigania, yeye anatupa! Nimemwambia kiburi ya nyumba hii ni yangu, asikiazime bila kuuliza. Nikaingia ndani na ufunguo kwenye sidiria. Kumeza dawa. Kupumua.

Ati Kimberly ako sawa? Hapana.

Nusu.

Lakini yule mtu hajasema! Neno moja tu, mbele ya watu. Mimi alinicheka mbele ya watu.

Abby yuko hapa na wasichana wenzake, wote wamefunikwa leso mpaka miguuni, bwana arusi akija abahatishe yupi ni wake. Hatakiwi kuongea. Anaongea.

"Shosho, mbona wimbo umenyamaza?"

Nimesikiliza. Kweli. Mvua tu, na mbuzi.

Sasa gari limewashwa. Na lingine.

Labda wanataka joto. Watu wa mjini hawawezi baridi yetu.

"Shosho? Wanaenda?"

Nimesimama.

Hajasema. Hajasema hata kidogo.

Nimekaa tena, ufunguo bado kwenye sidiria.