Mechi ya Kumi ya Lavelle

1418 Mtaa wa Vance,
Toledo, Ohio.
8 Machi 2012.

Mpendwa dada Vernell,

Shikamoo dada yangu. Najua umeshanisema kwa majirani wote kwamba tangu Krismasi nimekuwa bubu, na haki yako. Goti lako linaendeleaje? Je, shemeji Rufus ameacha kupanda paani kuzibua mifereji, au bado anajiona kijana? Mimi ni mzima, ila kifua kinanikoroma asubuhi kama birika, na huo ni mtindo wake tangu nitoke kiwanda cha vioo.

Huku theluji bado imelala barabarani, imeshakuwa ya kijivu. Huko kwenu Mobile maua yamechanua na unanicheka. Cheka tu.

Nikuhadithie ndoto kwanza, maana ndiyo iliyonishikisha kalamu. Siku hizi nikishakula mchana nasinzia kwenye kiti cha marehemu mke wangu Earline, kile cha dirishani, na kila nikisinzia namwona mwanangu Lavelle. Yuko juu ya mto Maumee ulioganda, peke yake, anadundisha mpira, na mpira hautoi sauti. Kisha anaruka. Anaruka vile alivyokuwa akiruka zamani, taratibu, mikono mirefu, halafu harudi chini. Mimi niko ukingoni nimeshika sahani ya chakula, nangoja. Nikiamka shingo inauma, na nje ni mchana uleule mweupe.

Unaukumbuka mluzi wangu, ule wa vidole viwili? Ulipokuja ile mara moja ulisema nitawapasua watu masikio. Nikipiga kutoka barazani, watoto wa mitaa mitatu walijua kwetu, kwa akina Pettway, chakula kiko mezani. Lavelle alikuwa uwanja wa shule, giza linaingia, ananigeukia na kuinua kidole kimoja. Mechi moja tu, Baba. Nami sikuwahi kumpa hiyo moja. Nilikuwa natoka zamu miguu inawaka moto, nataka watu wakae tule. Sasa nikikumbuka naona vibaya. Moja ingenipunguzia nini?

Mpira wa kikapu hujawahi kuujali, dada, kwa hiyo nivumilie nikueleze, maana bila haya hutaijua aibu yangu.

Ligi imeziwekea timu zote kikomo cha mishahara, ili miji mikubwa isikombe wachezaji wote wazuri ikatuachia sisi makapi. Fikiria chakula cha Jumapili pale kanisani kwenu: sufuria ni moja. Ukimfunikia sahani mtu asiyeweza kula, sahani hiyo imekwenda, hata kama wengine wana njaa. Lavelle alipoumia goti miaka miwili iliyopita akiichezea timu yetu ya Toledo, na madaktari wakasema hatacheza tena, mshahara wake ndio uliokuwa hiyo sahani. Yeye mwenyewe analipwa mkataba wake wote, hapunjwi hata senti. Lakini ligi ilikubali mshahara huo usihesabiwe tena kwenye kikomo cha Toledo, kwa kuwa mtu mwenyewe ameshakwisha. Sharti lilikuwa moja. Akiinuka akaichezea timu nyingine mechi kumi, basi hakuwa amekwisha, na mshahara wake unarudi kwenye hesabu, mwaka huu na mwaka ujao.

Na nafasi ile Toledo walishampangia Tavares Boone. Huyu kijana ana miaka ishirini na minne, anacheza kama hana mifupa, na mji mzima unampenda. Hata mimi nampenda, sikufichi. Mkataba wake unakwisha kiangazi hiki. Nafasi isipokuwepo, anakwenda kwa wenye nacho.

Kumbe Lavelle alipokuwa ananiambia anaogelea kila asubuhi, nikadhani ni mambo ya afya, mwenzangu alikuwa anajenga goti. Mwezi wa kwanza timu moja ya Magharibi ikampa mkataba wa siku kumi, kwa mshahara wa chini kabisa. Siku kumi, dada! Hata kibarua wa kuvuna matango hupewa msimu. Mechi ya kwanza aliingia dakika nne. Nilikaa mbele ya televisheni na kulia kama mtoto, sahani mapajani. Siku kumi zikaisha, wakampa nyingine, kisha wakamwambia abaki mpaka mwisho wa msimu.

Alipofika mechi ya tano, mji ukaanza kuhesabu.

Unamkumbuka Tubbs, kinyozi wangu wa miaka ishirini na sita? Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti chake, wembe uko shingoni, ndipo akaona ni wakati mzuri wa mazungumzo.

"Clee, mwanao anatuua."

"Anacheza mpira. Hajaua mtu."

"Pesa zake si anazo? Anatafuta nini tena?"

"Muulize mwenyewe."

"Mimi si baba yake. Au siku hizi baba hazungumzi na mwanawe?"

Kinyozini kote watu wakatugeukia. Hata mzee aliyekuwa anasinzia kwenye benchi alifumbua macho kungoja jibu langu. Nami, ambaye wewe unaniita mdomo, nikamwambia amalize kunyoa.

Haya, aibu yangu ndiyo hii. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani bwana mmoja kutoka ofisi ya timu, viatu vinang'aa, akavivua mlangoni bila kuambiwa. Akanywa kahawa, akasifu picha ya Earline. Hakuniomba chochote. Alisema tu kwamba sisi ni familia moja, na kwamba mzee aliyekaa miaka thelathini kule juu kwenye viti vya kunguru anastahili kukaa chini, karibu na sakafu, walau Jumapili ya tarehe nne. Akaacha bahasha yenye tiketi mbili.

Jumapili ya tarehe nne, dada, timu ya Lavelle ilikuwa inakuja kucheza hapa Toledo. Na Lavelle alikuwa na mechi tisa.

Nilimpigia simu jioni hiyohiyo. Nilizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, hali ya hewa, kifua changu, hata wewe nilikutaja. Mwishowe nikasema, mwanangu, tisa si haba. Umeshawaonyesha. Pumzika.

"Baba, nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Wananilipa nisicheze. Sawa, wanilipe. Lakini nikilala naota nacheza, na hapo hakuna anayenilipa." Kisha akauliza kama nimekula, akakata simu.

Sikumwambia kwamba mimi pia naota. Nilikaa na simu mkononi, bahasha iko mezani, na sikuirudisha. Ningekuwa mtu ningeirudisha.

Nilikwenda Jumapili alasiri. Nilikaa peke yangu, kiti cha pili nimekiwekea koti, najiona kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Kutoka pale chini kila kitu ni kikubwa. Nililiona goti la mwanangu na kovu lake refu, nikamwona anavyolisugua na kulisemesha. Nyuma yangu watu walikuwa na vibao vyenye namba tisa. Robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, Lavelle amekaa benchi, na mji mzima unamwombea akae.

Robo ya nne mwenzake mmoja akatolewa kwa kuzidisha makosa. Kocha akageuka. Lavelle akavua koti.

Loo, dada, zile kelele! "Kaa chini! Kaa chini!" Watu ninaowajua. Watu waliokula mahindi kwenye ua wangu. Halafu nakuapia sauti zikafifia, zikawa kama ziko chini ya maji, na nikaona yuko peke yake kwenye kitu cheupe kipana, anatembea kwenda kwenye meza ya waamuzi, na mimi niko ukingoni. Nikajikuta nimesimama, vidole viwili viko mdomoni. Nikapiga mluzi.

Usiniulize nilitaka nini. Labda nilitaka kumwita arudi. Mpaka leo sijui, nisije nikajisingizia uzuri.

Aliusikia. Uwanja wote ule, na aliusikia. Akageuka moja kwa moja nilipo, mtu wa miaka thelathini na moja, ana mvi mbili kidevuni, akanitazama. Akainua kidole kimoja.

Nikakaa chini, dada. Nikamwacha acheze.

Alicheza dakika tatu na sekunde arobaini. Hakufunga kitu. Alidaka mpira mmoja uliogonga chuma cha kikapu, aliruka akaudaka juu kabisa, na akashuka kwa miguu miwili. Nilisikia viatu vikigusa sakafu.

Sasa hesabu imeshafanyika na mshahara wake umerudi kwenye kikomo cha Toledo. Boone watamkosa, kila mtu anasema hivyo, na mimi inaniuma kweli, usidhani nimekuwa malaika. Jumanne nilikwenda kwa Tubbs. Alininyoa bila kusema neno, akapokea pesa yake. Kufika nyumbani nikajitazama kwenye kioo: upande wa kushoto nywele ameziacha, ndefu, makusudi kabisa. Nitakwenda tena Jumanne ijayo. Yeye ni rafiki yangu na hasira zake ni za haki.

Lakini nimeruka jambo. Baada ya mechi, timu yao ilikuwa na saa mbili kabla ya ndege, akaja nyumbani. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi: sukuma na nyama ya nguruwe, kunde, mkate wa mahindi wa Earline ambao mimi huuharibu kila mara. Kabla hajaketi nilimwambia. Nilitumwa, mwanangu. Nilipewa viti.

"Nilijua," akasema. Akavuta kiti chake kilekile cha utotoni, goti amelinyoosha pembeni. "Na viti vyenyewe vilikuwaje?"

"Vinabana."

Akacheka mpaka akashika meza. Chakula kilikuwa kimepoa zamani. Nilitaka kukipasha moto akanikataza, tukala hivyohivyo.

Nisalimie shemeji Rufus na umkataze hilo paa. Mbusu Nadine na wale mapacha, mwambie Mama Mchungaji Lottie kwamba sala zake zinafika huku hata kwenye theluji. Mungu akulinde goti na moyo, na akupe usingizi mwema. Mimi jana nilisinzia mchana, na mpira ulikuwa unadunda, nikausikia.

Mdogo wako akupendaye, nywele zikiwa upande mmoja,

Cleophus