Dawa ya Viatu kwenye Matairi

Mwanangu,

Chai imo kwenye chupa. ~~Ufunguo wa gari uko kwenye droo.~~ Ufunguo ninao mimi. Saa nne fundi anakuja kuyang'oa matairi, mfungulie geti.

Nimeliosha gari asubuhi. Dawa ya viatu uliyoyapaka imetoka, nyufa zikaonekana, ukucha wangu ukazama. Nilipokuamsha kukuambia ukacheka: "Baba, yana meno kukushinda!" ukalala tena. Soma ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho: wiki na mwaka yalipotengenezwa. Yamempita binti yako umri kwa miaka mitano! Tairi kuukuu hupasuka likiwa mwendoni, naye ndiye ungempakia leo.

Nampeleka shule kwa miguu. Yuko mlangoni, ananiuliza kama ulijua matairi ni mabovu. Nimemwambia akuulize mwenyewe jioni.

Baba yako